Watawa wa Kando ya Bwawa: Historia ya Ikebana

Mwanzoni mwa mwaka 1461 mji wa Kyoto, makao ya wafalme wa Japani, ulijaa maiti. Ukame na mafuriko vilikuwa vimepokezana kuharibu mashamba, na wakulima waliokosa chakula vijijini walimiminika mjini wakitumaini kuambulia chochote. Mtawa mmoja wa Kibuda alichonga vibao vidogo vya ukumbusho 84,000, akawa anaweka kimoja juu ya kila maiti aliyoikuta njiani na mtoni. Baada ya miezi miwili alibakiwa na vibao 2,000. Habari hiyo tunaipata kwa mtawa mwingine, Taikyoku wa hekalu la Tofuku-ji, aliyekuwa akiandika shajara. Katika majira hayo hayo mtawa aitwaye Gan'ami alijenga vibanda vya nyasi karibu na hekalu la Rokkakudo, katikati ya mji, akawapikia uji watu waliokuwa hawawezi tena hata kutembea.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa pili wa mwaka 1462, Taikyoku huyo huyo aliandika jambo la namna nyingine kabisa. Samurai mmoja wa ukoo wa Sasaki alimwalika mtawa wa Rokkakudo aliyeitwa Senkei aje ampangie maua. Senkei akasimamisha makumi ya matawi na maua katika chombo cha dhahabu, na watu wa mjini wenye kupenda mambo mazuri wakagombania kwenda kuyaona. Ni maneno machache tu ndani ya shajara ndefu, lakini kwayo historia ya ikebana, sanaa ya Kijapani ya kupanga maua, huanza kuhesabiwa. Mwaka 2012 ukoo wa Ikenobo, ambao hadi leo ndio walezi wa hekalu la Rokkakudo, uliadhimisha miaka 550 tangu siku ile ya Senkei.

Nimeanza na njaa kwa makusudi. Sanaa hii imezoeleka kuelezwa kama burudani ya watu waliotulia, akina mama wenye nafasi na vyumba visivyo na kelele. Picha hiyo ni ya juzi tu. Kwa karne nyingi maua yalipangwa na wanaume, watawa na askari, katika mji ulioungua mara kwa mara, na yaliwekwa mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kukata vichwa. Kila mara mamlaka yalipohama, maua nayo yalihama, na kila yalipohama yalibadilika umbo.

Makao yao ya kwanza yalikuwa madhabahu. Dini ya Buddha ilipofika Japani katika karne ya 6 kutoka bara la Asia, ilikuja na desturi ya kumtolea Buddha maua. Mapokeo ya Rokkakudo yanasema hekalu hilo lenye paa la pembe sita lilianzishwa na mwanamfalme Shotoku, na kwamba Ono no Imoko, aliyetumwa balozi China mwaka 607, alijiunga na utawa akaishi pale kando ya bwawa, akiweka maua asubuhi na jioni mbele ya sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma katika dini ya Buddha. Jina la Ikenobo lenyewe linatokana na kibanda hicho cha kando ya bwawa. Huenda mapokeo yamemremba Imoko kuliko alivyokuwa, lakini kazi anayohusishwa nayo ilikuwa ya kweli, na iliendelea mamia ya miaka. Mbele ya sanamu au picha takatifu palipangwa vyombo vitatu: chetezo katikati, kinara upande mmoja, na chombo cha maua upande wa pili.

Halafu wakubwa wa kijeshi wakavitamani vyombo hivyo. Katika karne za 14 na 15 Japani ilitawaliwa na mashoguni wa ukoo wa Ashikaga, wakuu wa majeshi walioacha mfalme akae kwenye kiti chake huku wao wakishika serikali. Ashikaga Yoshimitsu, aliyejenga jumba la dhahabu la Kinkaku mwaka 1397, alipenda sana bidhaa za China: michoro, vyetezo vya shaba, na vyombo vya kauri vya rangi ya kijani. Kila mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba, katika sikukuu ya nyota iitwayo Tanabata, mabwana na watawa walileta vyombo vyenye maua na kuvipanga kwa safu ili vitazamwe na kushindanishwa. Shindano lilikuwa la vyombo zaidi kuliko maua. Aliyeona zidaka za nyumba za mawe za Lamu, zile safu za vishubaka ukutani ambamo matajiri walionyesha sahani zao za Kichina, ataelewa haraka fahari ya mabwana wale: pande zote mbili za bahari, kauri ya China ilikuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba ana mkono mrefu.

Lakini chombo kikikaa kitupu hupooza, na tawi likisimama vizuri hukipa chombo uhai. Mashoguni wakaajiri wataalamu wa kupanga vyumba, watu wenye majina yanayoishia na *ami*, ambao wengi asili yao ilikuwa ya chini lakini waliingia mahali ambapo mabwana wengi hawakuingia. Noami na mjukuu wake Soami waliandika mwongozo wa namna ya kuthamini na kupanga mali za shoguni. Ryuami alisifika kwa mkono wake wa maua. Wakati huohuo watawa wa Rokkakudo, ambao walikuwa wakisimamisha matawi mbele ya Kannon kwa vizazi, walikuja kujulikana nje ya hekalu. Hivyo ndivyo Senkei alivyofika nyumbani kwa samurai mwaka 1462.

Miaka mitano baadaye Kyoto iliteketea. Vita vya Onin vilianza mwaka 1467 kwa ugomvi wa nani arithi ushoguni, vikaendelea kwa miaka 10, na sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Shoguni wa wakati huo, Ashikaga Yoshimasa, hakuwa mtawala wa kusifiwa. Wakati wa njaa ile ya 1461 alikuwa akijenga kasri, na mfalme Go-Hanazono alimkaripia kwa shairi. Alipoachia madaraka alijijengea makao kwenye vilima vya mashariki mwa mji, mahali panapojulikana leo kama Ginkaku-ji, akajizungushia wasanii. Siwezi kumtetea. Hata hivyo, nyumba za namna aliyoipendelea ndizo zilizoyapa maua makao mapya. Sakafu ilifunikwa yote kwa mikeka ya tatami, na kwenye ukuta mmoja pakaachwa sehemu iliyoingia ndani, yenye sakafu iliyoinuka kidogo, ya kutundika mchoro na kuweka chombo cha maua. Sehemu hiyo ni tokonoma. Vile vyombo vya madhabahuni vilikuwa vimeingia sebuleni, na mgeni mheshimiwa akakalishwa karibu navyo.

Tokonoma ina upande mmoja tu wa kutazamwa, na anayetazama amekaa chini. Jambo hilo dogo limeamua mengi. Maua yanayozungukwa na watu huwa duara, kila upande sawa na mwingine. Maua ya tokonoma yana uso na mgongo, yana upande ulioelekea dirishani na upande wa kivulini, na matawi yake huegemea mbele kidogo kumwelekea aliyeketi mkekani. Sanaa nzima ya kutolinganisha pande, ambayo wageni huishangaa, ina sababu hii ya ujenzi ndani yake.

Mtu aliyeipa sanaa hiyo fikra yake ni Ikenobo Senno. Alifanya kazi katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, na maisha yake yalikuwa ya moto. Mwaka 1536 vita vya madhehebu ya Kibuda viliunguza nusu yote ya kusini ya Kyoto, ile ya wafanyabiashara na mafundi, na Rokkakudo lilikuwa humo. Hekalu hilo lilikuwa pia baraza la watu wa mtaa. Kengele yake iligongwa kuwaita wakazi palipotokea hatari. Mwaka 1542, mji ukiwa bado unajijenga upya, Senno aliandika mafundisho yake kwa wanafunzi. Alikataa wazo kwamba kazi ni kuchukua maua mazuri na kuyatia chomboni. Alitaka mpangaji alete sura ya tawi kama linavyoota lenyewe kondeni, na akasema hata tawi lililozeeka na kukauka lina nafasi yake, kwa maana uzuri wa mmea haumo katika siku moja ya kuchanua. Kwa maji kidogo na vitawi vichache, alifundisha, mtu aweza kuonyesha mito na milima mikubwa.

Huwa naisoma kauli hiyo nikiwaza mji alimoiandikia. Mbele yake palikuwa na nguzo zilizoungua na miti iliyobabuka upande mmoja huku upande wa pili ikichipua. Tawi kavu kando ya chipukizi lilikuwa jambo aliloliona kila siku alipotoka mlangoni.

Kutokana na Senno na warithi wake ulikamilika mtindo wa rikka, maua ya kusimama. Ni mtindo mgumu, na inafaa kuutazama kwa karibu. Mdomoni mwa chombo kirefu cha shaba fundi hushindilia kitita cha mabua ya mpunga yaliyofungwa kwa kamba na kukatwa sawasawa. Katikati ya mabua hayo huchomeka tawi kuu, mara nyingi la msonobari, linalopanda juu kuliko yote. Baada yake hufuata mengine, kila moja na jina lake na mwelekeo wake: la kuliunga mkono, la kulipokea upande wa pili, la kutiririka chini, la kutazama mbali nyuma kabisa kama vilima vya upeo wa macho, na mengine hadi yatimie tisa. Yote hutoka kwenye kitita kama shina moja, halafu hapo juu ndipo hugawanyika. Msonobari huwa mwamba na mlima, maua meupe madogo huwa maji. Tawi lisilokuwa na mkunjo unaotakiwa hukatwa na kuungwa, hukazwa kwa waya au msumari, na maungio hufichwa. Rikka moja kubwa ilikuwa kazi ya watu kadhaa kwa siku kadhaa. Uasilia wa namna hii unagharimu kazi nyingi.

Mwishoni mwa karne ya 16 Japani ilikuwa inaunganishwa kwa upanga, na mwenye upanga alikuwa Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa mkulima aliyepanda hadi akawatawala mabwana wote. Hideyoshi alipenda dhahabu. Alikuwa hata na chumba cha chai kilichopakwa dhahabu, ambacho kiliweza kufunguliwa na kusafirishwa. Mwalimu wake wa sanaa ya kuandaa na kunywa chai, Sen no Rikyu, mfanyabiashara kutoka mji wa bandari wa Sakai, alipenda kinyume chake: chumba cha mikeka miwili, ukuta wa udongo, na ua moja. Maua ya chumba cha chai hayakuwa rikka. Yalitiwa tu chomboni, machache, bila waya wala msumari.

Mwaka 1590 Hideyoshi alipouzingira mji wa Odawara, Rikyu alikuwa naye kambini. Alikata mwanzi akatengeneza vyombo vya maua, mojawapo kikiwa na ufa ulioshuka ubavuni. Husimuliwa kwamba mtu mmoja aliona maji yakivuja kwenye ufa huo na kulowesha mkeka, akauliza itakuwaje, na akajibiwa kwamba uvujaji huo ndio uhai wa chombo. Chombo chenyewe kingali kipo. Kinaitwa Onjoji, kwa jina la hekalu lenye kengele iliyopasuka, na kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kabla ya hapo mabwana walitoa fedha za kutisha kwa shaba na kauri ya China. Rikyu aliweka mbele yao kipande cha mwanzi wa kambini, wakakipokea.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa zaidi ya hicho. Bustani ya Rikyu ilikuwa na asagao, mmea utambaao ambao maua yake hufunguka alfajiri na kunyauka kabla jua halijawa kali. Hideyoshi alisikia sifa zake akaja asubuhi kuyaona. Alikuta bustani tupu, kila ua limekatwa. Aliingia katika chumba cha chai kwa hasira, na humo, kwenye tokonoma, akaliona moja tu. Wasimulizi wengi hulitaja jambo hilo kama somo la upole. Mimi naona ukaidi mkubwa ndani yake. Mtawala wa nchi nzima alikuja kuona wingi, na mwalimu wa chai akaamua kwa niaba yake kwamba moja linatosha. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue, kwa sababu ambazo wanahistoria wanazibishania hadi leo, naye akatii.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1594, Hideyoshi alikwenda kutembelea jumba la bwana Maeda Toshiie, na safari hii alipewa wingi aliouzoea. Ikenobo Senko wa kwanza aliitwa kupamba tokonoma yenye upana wa zaidi ya mita saba. Ukutani zilitundikwa picha nne zilizochorwa nyani, na mbele yake Senko akasimamisha misonobari katika sinia kubwa la maji na mchanga. Aliyaelekeza matawi hivi kwamba, kwa aliyeketi mbele, nyani wa kwenye karatasi walionekana wanacheza juu ya msonobari wa kweli. Kazi hiyo ilitajwa kuwa kilele cha maisha ya Senko. Filamu ya Kijapani ya mwaka 2017, *Hana Ikusa*, imeijenga hadithi yake yote juu ya mtawa huyo na kifo cha Rikyu, na imeongeza mengi ya kubuni. Lakini kuyaweka matukio hayo mawili pamoja ni haki. Ndani ya miaka michache, mbele ya mtu mmoja, maua ya Japani yalifika kwenye udogo wa mwisho na ukubwa wa mwisho, na njia zote mbili zingali wazi.

Baada ya Hideyoshi ukaja utawala wa ukoo wa Tokugawa, na amani ya miaka zaidi ya 250. Mwaka 1615 Tokugawa waliiwekea familia ya kifalme sheria: kazi yake iwe elimu na sanaa, siasa iwaachie wao. Mfalme Go-Mizunoo alizijaza siku zake kwa maua. Mwaka 1629 aliandaa ndani ya kasri mikutano mfululizo ya rikka, wakuu wa baraza na watawa wakipanga bega kwa bega, na Ikenobo Senko wa pili akiwa mwamuzi. Mwaka huohuo, akiwa amechoshwa na kuingiliwa na serikali ya Tokugawa, alijiuzulu ufalme.

Karne mbili zilizofuata ni za wafanyabiashara. Vitabu vya michoro vilichapishwa kwa mbao za kuchonga, shule za maua zikawa nyingi, kila moja na mkuu wake anayerithisha cheo kwa mwanawe na kutoa vyeti kwa wanafunzi kwa ada. Mfumo huo ulihifadhi ujuzi, na pia ulitengeneza usiri na uchuuzi wa vyeo. Yote mawili ni kweli. Nyumba ya mwenye duka haikuwa na nafasi ya rikka ya matawi tisa. Ikazaliwa shoka, mtindo wa matawi makuu matatu, ambayo shule nyingi ziliyaita mbingu, ardhi na mtu. Mishosai Ippo wa Osaka, aliyefariki mwaka 1824, aliyapimia matawi hayo ndani ya pembetatu. Ikenobo walibaki na jicho la Senno: aina moja hadi tatu za mimea, zilizobanwa na kijiti cha panda ndani ya chombo, zikitoka majini kama shina moja safi lisilo na jani karibu na uso wa maji. Mtu akiona shoka ya irisi iliyopangwa vizuri hutazama kwanza pale mahali padogo ambapo shina linaachana na maji. Fundi hujulikana pale.

Mwaka 1868 serikali ya mashoguni ikaanguka. Nchi iligeuza macho yake kwenye reli, mizinga na makoti ya Ulaya, na waliokuwa wafadhili wa maua walipoteza vyeo na posho zao. Kwa miaka kadhaa ilionekana kama sanaa hii ingekufa pamoja na mashungi ya samurai. Iliokolewa na shule za wasichana. Serikali mpya ilitaka mke mwema na mama mwenye hekima, na kupanga maua kukaingizwa katika masomo ya kumwandaa. Kazi iliyokuwa ya watawa na askari ikageuka, ndani ya kizazi kimoja hivi, kuwa sifa ya binti anayengoja kuolewa. Dhana tuliyonayo leo kuhusu ikebana ilitengenezwa hapo. Iliwafungia wasichana wengi katika mafunzo ambayo hawakuyachagua. Na iliwapa wanawake maelfu fani, na baadaye kipato cha ualimu, katika nchi ambayo milango mingine mingi ilikuwa imefungwa kwao.

Wageni nao walianza kutazama. Josiah Conder, msanifu majengo Mwingereza aliyefika Tokyo mwaka 1877 kufundisha ujenzi wa matofali na mawe, aliandika mwaka 1891 kitabu kizima juu ya maua ya Japani na upangaji wake, akiwaeleza wasomaji wa Kiingereza kwamba hapa mstari wa tawi ndio unaotangulia, rangi inafuata.

Nyumba za mjini zilianza kuwa na viti, meza na madirisha ya vioo, na sokoni kukawa na maua ya Ulaya yenye mashina mafupi na vichwa vizito. Hayakufaa kwa rikka wala shoka. Ohara Unshin, aliyezaliwa Matsue mwaka 1861 na kusomea uchongaji wa sanamu huko Osaka, alikuwa mwanafunzi wa Ikenobo mwenye afya dhaifu na macho ya mchongaji. Alichukua bakuli pana lenye kina kifupi, akayatandaza maua humo kwa upana badala ya kuyasimamisha yote sehemu moja, na uso wa maji wenyewe ukawa sehemu ya mandhari. Mtindo huo, moribana, aliuonyesha hadharani kabla karne ya 19 haijaisha, na ulimtenga na shule yake ya zamani. Pamoja nao kulienea kifaa kilichobadilisha kazi kabisa: kenzan, kipande kizito cha madini ya risasi kilichojaa miiba ya shaba, ambacho shina huchomekwa juu yake na kukaa wima ndani ya maji ya vidole vitatu. Mtu wa kawaida angeweza sasa kupanga maua mezani kwake kwa nusu saa. Nadhani hakuna uvumbuzi mwingine ulioisambaza sanaa hii kama miiba ile.

Huko Osaka pia alizaliwa, mwaka 1900, Teshigahara Sofu. Baba yake alikuwa mwalimu wa maua, naye kijana alijua kila kanuni kabla ya kuzikataa. Waligombana, akaenda Tokyo na mwaka 1927 akaanzisha shule ya Sogetsu. Msimamo wake ulikuwa kwamba yeyote aweza kupanga maua, popote, wakati wowote, kwa chochote. Alimaanisha kweli kwa chochote: mizizi iliyokauka, mawe, vipande vya chuma, manyoya ya ndege.

Mwaka 1945 miji ya Japani ilikuwa vifusi. Mwaka huo ukoo wa Ikenobo ulipata mkuu mpya, Sen'ei, mtoto wa miaka 11. Wanajeshi wa Marekani walioikalia nchi walikuja na wake zao, na wake hao wakataka kujifunza. Sofu aliwafundisha. Wapo waliodhani ni aibu kuwafundisha maua watu waliotoka kuichoma nchi; lakini madarasa yalijaa, na wanafunzi wale waliporudi makwao waliondoka na sanaa hiyo. Mmoja wa wake wale wa wanajeshi, Ellen Gordon Allen, mke wa jenerali, alianzisha mjini Tokyo mwaka 1956 chama cha Ikebana International, kinachowakutanisha wafuasi wa shule zote katika nchi nyingi.

Mwana wa Sofu, Hiroshi, alikuwa mwongozaji wa filamu. *Mwanamke wa Mchangani*, aliyoitengeneza mwaka 1964, ilipata tuzo ya majaji huko Cannes. Mwaka 1980 alirudi kushika shule ya baba yake, akawa anajenga mahandaki ya mianzi iliyopasuliwa na kupindwa, ambayo watu walipita ndani yake. Mpangilio wa maua ulikuwa sasa kitu cha kutembelea, na tokonoma haikuhitajika.

Aliyekwenda mbali kuliko wote hakuwa na shule wala wanafunzi wa ada. Nakagawa Yukio, mzaliwa wa Marugame, aliachana na Ikenobo mwaka 1951 na kuishi maisha ya ufukara akifanya kazi peke yake. Mwaka 1973 alikusanya kaneshoni nyekundu 900, akazishindilia ndani ya chombo cha kioo mpaka zikaanza kuoza na kusagika, kisha akakifudikiza chombo juu ya karatasi nyeupe. Utomvu ulitiririka mwekundu kama damu, naye akaupiga picha. Wengi walichukizwa. Mimi naiona kazi hiyo imekaa karibu na Senno kuliko maelfu ya mipangilio safi ya mahotelini, kwa kuwa Nakagawa alikubali kwamba ua linakufa na akatazama hadi mwisho. Mwaka 2002, akiwa mzee, alimwaga petali za tulipi kwa helikopta juu ya ukingo wa mto Shinano huko Niigata, huku mcheza dansi Ohno Kazuo, mwenye miaka zaidi ya 90, akicheza chini yake akiwa kitini.

Leo sanaa hii ina shida ya aina nyingine. Nyumba nyingi mpya za Japani hazina tokonoma, na idadi ya wanaojifunza imepungua sana ikilinganishwa na miaka ya ukuaji wa uchumi, wakati kampuni ziliwapa wafanyakazi wao wa kike madarasa ya maua baada ya kazi. Waliobaki wengi ni wenye umri mkubwa. Maua yenyewe yanatoka mbali: Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia Japani mawaridi kwa wingi, na shina lililokatwa Naivasha laweza kusimama kwenye kenzan ya Kyoto.

Mwaka 2015 binti wa Sen'ei alichukua jina la Senko, lile lile la mtawa aliyewachezesha nyani juu ya msonobari. Yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa mkuu wa 46 wa Ikenobo, na akishika nafasi hiyo atakuwa mwanamke wa kwanza kuishika. Shule yake huendesha pia mashindano ya taifa ya wanafunzi wa sekondari. Kila timu ina watu watatu. Hupewa muda maalumu, hupanga jukwaani mbele ya watazamaji, kisha husimama na kueleza kwa nini tawi hili limekatwa na lile likaachwa. Wavulana nao hushiriki, na majaji hutoa alama kwa maua na kwa maelezo pia.